Vidole Unavihisi?

Koti la kwanza nililovaa Uingereza lilinifikia likiwa na joto tayari. Nilitua Heathrow mwezi wa Januari na gauni la kitenge na sweta jembamba, na mama mdogo alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha wanaopokea wageni, amevimba hata macho yangu yakampita mara ya kwanza. Alikuwa amevaa makoti mawili. Alivua la juu, akavua la ndani, akanivika hilo la ndani, kisha akavaa tena lake. Tulipokaa kwenye treni ndipo aliponieleza kwamba koti lililobebwa mkononi hufika limepoa, na mtu aliyetoka Morogoro jana hafai kuingiza mikono kwenye kitu cha baridi siku ya kwanza. Atauchukia mji bure.

Sikuuchukia mji. Na kila mtu anaponiuliza kwa nini, huanza na lile koti, jinsi mikono yake ilivyokuwa na joto mpaka kwenye pindo, joto la mwanamke aliyetoka zamu hospitalini akapitiliza kuja kunichukua.

Mama mdogo ndiye kitinda mimba wa kwao, mdogo wa mama yangu. Ni muuguzi, anakaa Wembley. Niliishi kwake mpaka nilipomaliza chuo, halafu nikahamia chumba cha kupanga Kilburn, ambako ninaandika riwaya na kunywa chai kuliko inavyofaa. Kwa hesabu zake, mtu anayeandika nyumbani yuko likizo mwaka mzima. Ndiyo maana alipohitaji mtu wa kwenda naye mlimani katikati ya majira ya baridi, hakuniuliza kama nina nafasi. Alinipigia simu kuniambia ninunue buti.

Chanzo kilikuwa darasa lake. Kila Jumamosi asubuhi mama mdogo anafundisha Kiswahili kwenye ukumbi wa kanisa moja hapo Wembley. Wanafunzi wake ni watoto wa Wakenya na Watanzania, Wakristo na Waislamu, karibu wote wamezaliwa London. Wanaelewa kila kitu na wanajibu kwa Kiingereza. Ukiwaambia wakae chini wanakaa, kisha wanakuuliza kwa Kiingereza chapati ziko wapi. Yeye haoni tatizo. Anasema lugha imeshaingia masikioni, siku moja itashuka mdomoni.

Msimu wa vuli alisimama mbele ya wazazi akatangaza kwamba likizo fupi ya Februari atawapeleka watoto wakubwa kwenye hifadhi ya taifa, kaskazini kabisa, kwenye milima yenye theluji ya kuzama magoti. Alisema amekaa nchi hii miaka yote hiyo na anaifahamu kupitia dirisha la wodi na dirisha la treni ya chini ya ardhi, na hataki watoto hawa wakue wakidhani nyika na milima ni mali ya watu wengine. Wazazi walipiga makofi. Watoto walianza hapo hapo kugombania vitanda vya juu.

Kulikuwa na sharti moja. Shirika linaloazima nyumba kwa makundi ya watoto chini ya milima ile lilitaka mtu mzima atakayewaongoza apitie kwanza mafunzo yao ya majira ya baridi, na mkufunzi akubali kwamba anafaa. Akikataa, hakuna safari. Mama mdogo alikuwa ameshaahidi. Mafunzo yalikuwa Januari, na ilitakiwa waende wawili kwa kila kundi, na wa pili nikawa mimi.

Wenzangu wa kikundi cha waandishi walinicheka sana. Tunakutana kwenye chumba cha juu cha mkahawa mmoja Kilburn, tunasomeana kurasa zetu na kuchanana kwa upendo. Mmoja wao, mshairi kutoka Mombasa ambaye haijawahi kumtokea kusifia kitu kabla ya kukitukana, alisema nakwenda kutafuta riwaya ndani ya friji. Mwingine akaniomba nikifia huko nimwachie kabati langu la vitabu. Niliwaambia mtu hafi kwenye mafunzo. Mshairi akajibu kwamba hiyo ni sentensi nzuri ya kufungulia kitabu.

Jumapili kabla ya kuondoka, mama mdogo alinipeleka Kingsbury kununua vya kula njiani. Kuna duka analolipenda pale, la mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake hakijazeeka hata kidogo. Mkufunzi alikuwa ametuandikia tubebe vyakula visivyoganda, kwa sababu chokoleti nyingine juu kule huwa kama jiwe. Mama mdogo alichukua kashata za karanga, chevda, tende na ubuyu. Mzee akauliza sherehe ni ya nani. Alipoelezwa, aliacha kupima akatutazama sote wawili.

"Mama, ukitaka kupanda mlima si uende kwa ule wa kwenu, chini kuna ndizi?" alisema. "Huko hakuna hata ndizi."

Alituongezea mfuko wa tangawizi kavu, akakataa kuusikia mjadala. Namshukuru mzee yule mpaka leo kwa tangawizi ile.

Tulipanda treni ya asubuhi pale King's Cross tukafika jioni, tukiwa tumeshuhudia dirishani nchi nzima ikipauka kidogo kidogo, kijani, kahawia, kijivu, kisha nyeupe. Nyumba ilikuwa ya mawe, na jiko kubwa, na vyumba vya vitanda vya ghorofa. Wanafunzi wenzetu walikuwa dada wawili wa Bristol na mwalimu mstaafu mmoja wa Leeds, mtu mrefu mwenye vifaa vinavyong'aa, aliyetueleza kabla hata ya kuvua buti kwamba alikuja kwa ajili ya kilele. Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi wa huko huko, mvi zake zimekatwa kama za askari, asiyependa kupoteza maneno.

Kwanza alitaka kuona mifuko yetu. Alipekua nguo zetu akitenga kila kitu cha pamba, kwa sababu pamba hulowa jasho na kukaa na maji, na kwenye upepo wa mlimani maji yale hukunyonya joto mpaka mifupani. Kwa wengine alitenga fulana na soksi. Kwa mama mdogo alitoa kanga, moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuta kamba kisimani. Akauliza zote hizi ni za nini. Mama mdogo alianza kumweleza: hii ya kulalia, hii ya kuogea, hii ya kujifunga kiunoni, hii kama kuna msiba, hii kama kuna mtoto. Mkufunzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema zinaweza kubaki kitandani zimngoje. Usiku ule mama mdogo alijifunika zote.

Siku ya kwanza mlimani nilicheka kuliko nilivyotarajia. Tulifunga meno ya chuma chini ya buti tukajifunza kutembea upya, miguu imeachana, kama watu waliovaa suruali zilizolowa. Tulipewa mashoka ya barafu, tukaenda kwenye mteremko mfupi ulioishia kwenye theluji laini, na kazi ikawa kujiachia uteleze, ugeuke kifudifudi, uchomeke shoka na kusimama. Mama mdogo aliteleza kwa tumbo, kwa mgongo, kichwa mbele, akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana. Alirudi juu kwenye foleni mara nyingi kuliko sisi wote. Mwalimu wa Leeds alisema mama huyu ataimaliza theluji.

Kulikuwa na utaratibu mmoja ambao mkufunzi aliusimamia kuliko mashoka na dira. Kila tuliposimama, kila mtu alimgeukia mwenziwe, akamtazama usoni kwa makini, na kumuuliza maswali matatu. Vidole unavihisi? Umekula nini? Unataka kurudi? Na mwenzio lazima ajibu yote matatu. Haruhusiwi kusema yuko vizuri. Alituambia kwamba mlimani karibu kila balaa analolijua lilianza na mtu aliyesema yuko vizuri.

Wenzetu walifanya bila shida. Dada wa Bristol mmoja alimwambia mwenziwe kwamba kidole gumba cha mguu wa kulia kinachoma, kwamba amekula nusu ya biskuti, na kwamba kurudi angependa lakini si sana. Ilipofika zamu yetu, nilimuuliza mama mdogo kama anahisi vidole, na alijibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Salama, mwanangu."

Yeye aliponiuliza mimi, nikasema nzuri. Mkufunzi alituomba tumtafsirie. Tulipomtafsiria, alisema hayo si majibu.

Nilijaribu kumweleza wakati tunashuka. Kwetu mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama umetoka kuzika unasema nzuri, au salama, halafu taratibu unaleta ulichokuja nacho. Sioni uongo ndani yake. Ni kumpokea mtu. Hutaki kumwangushia mzigo akiwa bado kizingitini. Nilimsimulia siku bibi alipofariki. Mjomba alipiga simu kutoka nyumbani, na mimi nilikuwa kwa mama mdogo namenya viazi. Nikamsikia mama mdogo akiuliza habari za huko, akaambiwa nzuri. Akauliza habari za watoto, nzuri. Hamjambo wote? Hatujambo. Ila mama hatunaye tena. Aliweka mkono ukutani, akakaa hivyo. Na kabla ya kukata simu alimuuliza kaka yake magoti yake yanaendeleaje, naye akasema nzuri.

Mkufunzi alishuka hatua kadhaa. Kisha akasema kwamba hiyo ni adabu nzuri sana, lakini baridi haina adabu.

Siku ya pili upepo uliamka. Tulifanya kazi ya ramani na dira ndani ya wingu lililofuta kila kitu, mpaka theluji ya chini na anga ya juu vikawa kitambaa kimoja cheupe na sisi tumetundikwa katikati. Kila tuliposimama nilimuuliza mama mdogo maswali, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba ruhusa. Mwanamke huyu alinifundisha kupanda ngazi za umeme, alinilipia karo ya mwaka wa kwanza, alinivika koti. Nimtazame machoni nimwambie sikuamini? Alisema salama, nami nikakubali salama. Halafu nikaona anahangaika na zipu ya mfuko wake, anaipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, na kabla sijafungua mdomo mkufunzi alikuwa ameshafika. Alimvua glovu. Vidole vitatu vilikuwa vimepauka, rangi ya nta, mpaka kwenye kiungo cha katikati.

Mkufunzi alifungua jaketi lake mwenyewe, akaishika ile mikono ya mama mdogo akaibana chini ya makwapa yake, na wakasimama hivyo kwenye upepo uso kwa uso, wanawake wawili wafupi, kama wanaotaka kucheza muziki. Damu iliporudi, mama mdogo aliuma midomo na machozi yakamtoka. Wanaoijua baridi wanasema hakuna maumivu yanayofanana na yale. Hakulia kwa sauti. Mkufunzi alipomuuliza anajisikiaje, alisema nzuri.

Jioni, baada ya chakula, mkufunzi alimwita jikoni, nami nilikuwa pale nakausha vikombe. Hakuwa mkali. Alimwambia kwamba kama angekuwa anapima miguu, au akili ya kusoma ramani, angemkubalia kesho asubuhi. Alisema mama mdogo ana jicho la mteremko.

"Lakini wewe utakuja na watoto," alisema. "Mtoto hafanyi unachomwambia, anafanya anachokuona unafanya. Wakikuona unasema salama na vidole vimekufa ganzi, watasema salama. Na mimi siwezi kukuachia watoto wanaosema salama."

Bado kulikuwa na siku moja. Alisema kesho mama mdogo ndiye atakayetuongoza kutoka mlangoni mpaka juu na kurudi, na baada ya hapo ataamua.

Mkufunzi alipotoka, mama mdogo aliendelea kuosha kikombe kimoja kwa muda mrefu. Nilijua anawaona wale watoto, wakiwa wameshagawana vitanda. Nilidhani atakasirika. Ametia watu sindano na kufunga watu vidonda kabla mimi sijazaliwa, na sasa mtu anamfundisha kuhusu vidole vyake mwenyewe. Lakini aliponigeukia alikuwa anacheka kidogo, cheko la kujishangaa.

"Wodini kila siku nawaambia wagonjwa, usiniambie nzuri, niambie panauma wapi," alisema. "Miaka yote hiyo. Na haikunijia hata siku moja kwamba na mimi naweza kuulizwa."

Halafu akaniambia nimpe sufuria, bado haijatakata.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa kavu na ya kijivu. Mama mdogo alitangulia na ramani shingoni, hatua zake fupi na za mfululizo, na sisi wote nyuma yake kwenye nyayo zake. Tulipita msitu wa misonobari, tukapita kijito kilichoganda ambacho maji yake yalisikika yakizungumza chini ya barafu, tukatokea kwenye mteremko mpana usio na mti. Sungura mweupe aliruka mbele yetu akasimama, akatutazama, akaona hatuna maana, akaenda zake. Nilitamani kumshukuru mtu kwa ajili ya sungura yule, na aliyekuwa karibu ni mama mdogo, kwa hiyo nilimshukuru yeye. Aliniambia niangalie ninapokanyaga.

Juu ya majabali upepo ulitukuta. Kilele kilikuwa hapo, juu ya bega moja tu la mlima, kikijificha na kutokea ndani ya wingu. Mwalimu wa Leeds alikuwa ameshaanza kunyoosha glovu zake kama mtu anayekaribia kupigwa picha. Mama mdogo alisimama. Aligeuka, akanyoosha mkono kutuonyesha tupumzike, na kila mtu akamgeukia mwenziwe.

Nilimtazama usoni kwa makini, kama tulivyofundishwa. Safari hii sikuomba ruhusa.

"Vidole unavihisi, mama mdogo?"

Upepo ulikuwa ukivuta kamba za kofia yake. Niliona mdomo wake ukianza kutengeneza lile neno, nikaliona likikaribia, kisha akalimeza.

"Viwili vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi tangu kwenye yale majabali," alisema. "Nimekula kashata moja. Na nataka turudi."

Alinijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Halafu akageuka akawaambia wengine kwa Kiingereza, kwa sauti ya kushinda upepo, yale yale matatu kwa mpangilio ule ule. Kundi linarudi.

Mwalimu wa Leeds alinyoosha fimbo yake kuelekea juu. Alisema kwa upole, sitaki kumwonea, kwamba ni hapo tu, ni kama robo saa, na kwamba yuko tayari kumwazima mama mdogo glovu zake za akiba. Mkufunzi alikuwa ameinamia dira yake kwa umakini mkubwa, kama mtu anayesoma gazeti kwenye kituo cha basi. Hakuna msaada ungetoka huko.

"Glovu nazipokea, asante," alisema mama mdogo. "Na naona ni hapo tu. Tunarudi."

Alivaa glovu za mwalimu, zilizomfanya aonekane amevaa mito, kisha akavua ya kushoto na kunipa mkono niubane kwapani huku dada wa Bristol wakitufunika upepo kwa migongo yao. Uso wake ulijikunja maumivu yalipoanza. Akasema inauma. Akasema tena, inauma sana jamani, kwa sauti ya kawaida kabisa, na sisi tukaitikia pole, hata wale wasiojua maana ya pole. Kisha tukageuka.

Hatujashuka sana wingu likafunguka. Nilihisi jua mgongoni, nikageuka, nikakiona kilele chote, cheupe na kitulivu, bila upepo wala haya. Mwalimu wa Leeds alikitazama kwa muda, akaguna. Alimuuliza mama mdogo kama ana undugu na hali ya hewa. Mama mdogo alimwambia kwamba mwakani akifika pale amtumie picha. Na ametuma kweli, imewekwa ukutani mwa ukumbi wa Wembley, mtu mrefu anayecheka na glovu zile zile.

Chini, kwenye ukumbi mdogo wa buti zilizolowa, mkufunzi alimkabidhi karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi bila hotuba. Alisema tu kwamba njia ya kurudi ameiongoza vizuri kuliko ya kwenda. Mama mdogo aliishika karatasi kwa mikono miwili, kama anavyopokea kitu chochote cha heshima. Ndani ya treni kurudi London aliitoa kuitazama, akairudisha, akaitoa tena, na karibu na Peterborough akalala ameiweka kifuani.

Februari tuliwapeleka watoto.

Tulikuwa tumejiandaa kuwafundisha kusema ukweli wa miili yao. Haikuhitajika. Watoto wa London walianza kulalamika pale King's Cross na hawakunyamaza. Buti inabana, begi linavuta, treni inanuka mayai, pua yangu inachuruzika, kwa nini hakuna mtandao. Mlimani, mama mdogo alipowafundisha maswali matatu, walijibu kwa Kiingereza na kwa urefu, na swali la kurudi walilijibu kabla halijaulizwa. Aliwasikiliza wote akiwa makini kama daktari. Nilimwona anafurahi. Walibiringika kwenye theluji, wakaila, wakatiana migongoni, na mmoja wa Kikenya, mtundu kuliko wote, alilala chali akatangaza kwamba hapa sasa ni kwake.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa tofauti. Alikuwa amefika kutoka Tabora kwenye vuli, kumfuata mama yake anayehudumia wazee Kingsbury. Peke yake katika darasa lile alimwamkia mama mdogo kila asubuhi, na peke yake alijibu kwa Kiswahili. Wenzake walimwita shikamoo kwa kumtania, naye alivumilia. Siku ya pili tulikuwa tukielekea ziwa lililoganda, ambalo watoto walikuwa wameahidiwa kukanyaga ukingoni. Tulisimama nyuma ya jabali. Kelele za malalamiko zikapanda kama kawaida. Mama mdogo alifika kwa yule msichana, akainama.

"Vidole unavihisi, mwanangu?"

"Salama, mwalimu," alisema msichana, akatabasamu vizuri, kama alivyolelewa.

Mtu mwingine yeyote angesonga mbele. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote yaliyotolewa asubuhi ile, na lilitolewa kwa heshima. Mama mdogo alipiga magoti kwenye theluji. Alivua glovu ya mtoto yule, na vidole vilikuwa vimepauka, vyote vinne.

Alifungua zipu ya jaketi la juu, akafungua zipu ya jaketi la ndani, akaichukua ile mikono midogo akaiingiza ndani kabisa, chini ya makwapa yake, akamfunika mtoto na kila alichokuwa amevaa. Nilisimama upande wa upepo. Niliikumbuka mikono ya koti la Heathrow, na nilijua mtoto yule anahisi nini, na nilishukuru kwamba kuna mtu mwingine duniani sasa anayekijua kitu kile.

Damu iliporudi msichana alianza kutetemeka mdomo. Alijizuia. Mama mdogo alimwambia kwamba inauma, anajua inauma, na kwamba hapa mtu analia kama anataka. Mtoto akalia. Wale wengine walinyamaza kwa mara ya kwanza tangu King's Cross, halafu yule mtundu wa Kikenya akavua kofia yake akamvalisha juu ya ile aliyokuwa nayo.

Hatukuliona ziwa. Mama mdogo aliwageuza watoto, na walilalamika njia nzima kuhusu ziwa, na alikubali kwamba inasikitisha. Nyumbani jiko lilikuwa linawaka. Nilipika chai ya tangawizi ya yule mzee wa Kisumu kwenye sufuria kubwa, na watoto wakaketi bega kwa bega kwenye mabenchi, soksi zao zimetundikwa juu yao zikitoa mvuke. Mama mdogo alipita na vikombe akiuliza kila mmoja hali yake. Alipofika kwa msichana wa Tabora, msichana alisimama kwanza, kwa sababu anayemuuliza ni mkubwa.

"Hujambo sasa?"

"Sijambo, mwalimu," alisema. Akafikiri kidogo, akatazama mikono yake. "Ila kidole hiki bado kinauma."

Mama mdogo aliweka vikombe vyote chini, akakaa kando yake kwenye benchi, akakishika kile kidole.